Bildi Hii Sikuifuta

Mpendwa kaka Shomari,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, maana umelazwa kwenye udongo wa Tanga mwaka wa tatu sasa, lakini nimekuamkia hivyo hivyo. Ulikuwa na tabia ya kununa kutwa nzima mtu akikupita bila salamu, nami leo sitaki uninunie. Nataka unisikilize. Nimekasirika, kaka, na mmoja wa watu walionikasirisha ni wewe.

Barua hii sikuandikii wewe peke yako. Fundi Mbaruku, mshonaji wa Tanga ambaye kwa miaka miwili ameweka cherehani yake hapa Arusha karibu na boma, anarudi kwao kesho. Nimemwomba aisome kwa sauti barazani kwa dada yako Bi Tatu, alasiri, saa ile mabaharia wanapopanda kutoka bandarini. Nataka wasikie wote waliokubandika lile jina. Nitalitaja mara moja tu, kisha wasilisikie tena kutoka kwangu: Shomari Usingizi. Wewe! Mtu uliyekuwa unaamka panya akipita juu ya kamba! Fundi, ukifika hapa nyamaza kidogo, uwatazame usoni mmoja mmoja, ndipo uendelee.

Wapo barazani wasionijua, kwa hiyo niseme mimi ni nani. Mimi ni yule Mmeru. Nilishuka pwani na mzigo wa msafara kichwani, mtu mzima mwenye ndevu, na bahari sikuijua ila kwa kusikia kuwa ni maji ya chumvi, nikadhani ni kitu kama magadi ya mbugani. Tulipofika Tanga wenzangu walitua mizigo wakaenda kutafuta chakula. Mimi nilikaa gatini. Jua likanifika utosini, bado nimekaa. Ukapita wewe na kamba begani, ukasimama, ukaniuliza, "Wewe mtu wa bara, umepoteza nini humo majini?" Nikakujibu, "Sijapoteza. Ndiyo kwanza nimekiona." Ulicheka mpaka ukaiweka kamba chini. Kisha ukanichukua hadi kwa serahangi, msimamizi wa mabaharia wa meli yenu, ukamwambia umepata mtu wa kukuvutia kamba. Wenzangu walirudi mlimani bila mimi.

Meli yenyewe ilikuwa ndogo, ya moshi, ya kubeba mkonge na nazi na abiria wa bandari ndogo ndogo. Makaa yake yalitupaka masizi hadi ndani ya masikio. Kazi yako ilikuwa bildi, na kwa kuwa watoto wa barazani huenda hawajaiona, nieleze. Bildi ni risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba, na kamba imetiwa alama kila pima, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa: hapa kipande cha ngozi, pale kitambaa, pale fundo, ili mkono ujue hata macho yasipoona. Ulisimama ubavuni mwa meli, karibu na omo, sehemu yake ya mbele, umejifunga mkanda usianguke, ukaizungusha bildi na kuitupa mbele. Meli ilipoifikia na kamba kusimama wima, ulikuwa umekwisha kujua kina. Chini ya risasi kuna kishimo, na kishimoni tulishindilia shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyoganda. Hayo ndiyo yaliyonasa kitu cha chini kabisa: mchanga, tope, kombe au chembe za matumbawe. Wewe uliita. Mimi nilisimama katikati ya meli nikaipokea sauti yako na kuipeleka juu kwa ofisa aliyekuwa penye usukani: "Pima saba, mchanga mweupe!" Naye alijibu kwa filimbi. Mlio mmoja mrefu, maana yake nimesikia, tunaendelea. Milio mitatu, simamisha mashine.

Na ulikuwa unaonja. Mara ya kwanza nilidhani unanifanyia mzaha mimi mtu wa bara. Ulichukua chembe mbili za mchanga kwenye shahamu, ukaziweka ulimini, ukafumba macho, ukasema, "Huu una mto ndani yake. Pangani haiko mbali." Haikupita muda mrefu tukauona mdomo wa mto. Baada ya mwaka mmoja nami nikawa naonja. Tulikuwa tunabishana kama wapishi: wewe unasema huu ni wa nje ya kisiwa, mimi nasema ni wa ndani, na nikipatia unaninyima sifa kwa siku mbili. Niliipenda bahari, kaka, nalisema wazi mbele ya watu wote. Niliipenda ikiwa imetulia na niliipenda ikinitapisha. Mpaka leo sijapenda kazi nyingine.

Sasa ile sheria yako. Bildi hailazwi chafu. Siku ya kwanza niliiacha ikining'inia na tope lake nikakimbilia wali, ukanitoa penye sinia kwa sikio, mbele ya watu, mimi mwenye ndevu! "Tope la leo," ukasema, "ukiliacha likakutana na mchanga wa kesho, ofisa atadhani yuko mahali asipokuwapo. Unataka kutuua?" Nikajifunza. Kila meli iliposimama, iwe kwa nanga au gatini, mimi nilikwangua shahamu, nikaosha risasi kwa maji ya chumvi, nikashindilia shahamu mpya, nikakunja kamba, nikatundika. Hukunikumbusha tena. Mikono yangu ilifanya yenyewe, kama mtu anavyonawa kabla ya kula.

Nasema haya yote ili watu waelewe nilichokifanya siku ile.

Ilikuwa asubuhi, na mvua nyembamba ilikuwa imefuta pwani yote tusiione. Nahodha alikuwa chini na homa. Juu penye usukani alisimama yule ofisa wa pili, tuliyemwita Bwana Filimbi kwa sababu ile filimbi yake ya fedha haikutoka shingoni hata akioga. Mbele yake alikuwa ametandaza ramani, na ramani ilimwambia maji ni marefu. Wewe ulikuwa kwenye mkanda wako. Uliita pima saba, mchanga. Nikapeleka juu, akapuliza mara moja. Uliita pima nne, mchanga na kombe. Nikapeleka, akapuliza mara moja. Kisha sauti yako ikabadilika, nami naisikia hata sasa ninapoandika: "Pima mbili, matumbawe! Mwambie asimame!" Nikapiga kelele mpaka koo likauma. Pima mbili, matumbawe, simama! Akaiinamia ramani yake. Akapuliza mara moja, mrefu.

Alisikia! Fundi, hapo paza sauti. Mlio mmoja maana yake nimesikia. Tukapanda mwamba kwa kishindo kilichotuangusha wote.

Watu walikimbilia pampu na maboti. Wewe ulikimbilia kumtoa nahodha chini. Na mimi nilifanya nini? Meli ilikuwa imesimama. Mikono yangu ikaenda kwenye bildi. Nilikwangua shahamu, na ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vya matumbawe vikubwa kama punje za mahindi. Nilivitupa baharini, nikaosha risasi, nikatia shahamu mpya, nikaulainisha uso wake kwa kidole gumba, nikakunja kamba vizuri, nikatundika. Maji yanaingia melini, mimi nafanya usafi.

Baada ya siku nne tuliitwa mbele ya mabwana watatu wa bandari. Bwana Filimbi alisema hukupima kitu, ulikuwa umesinzia kwenye mkanda wako. Wakaagiza bildi iletwe kama ilivyokutwa. Ikaletwa. Safi kama sahani ya Idi, haina alama hata moja ya kuwa iligusa chini. Yule wa katikati akaigusa shahamu kwa ncha ya kalamu, akawatazama wenziwe, akauliza ni nani aliyeishika baada ya meli kukwama. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Wewe ukatangulia. Ulisema, "Mimi, bwana."

Nani alikuomba, Shomari? Nani alikutuma? Kabla hatujaingia ulikuwa umenivuta pembeni ukaninong'oneza, "Ukiulizwa, sema ulikuwa chini unakunja kamba, hukusikia neno. Wewe ni mgeni hapa, wakikufunga hakuna wa kukuletea chakula." Nami, mtu mzima, niliulizwa nikajibu hivyo hivyo: nilikuwa chini, bwana, nakunja kamba, sikusikia. Huenda wasingeniamini kama ningesema kweli. Lakini wangekuwa wameambiwa, na lingebaki neno la watu wawili dhidi ya mmoja. Wewe uliona unanilinda. Umenifanya nitembee na uongo kifuani mwaka baada ya mwaka, na kwa hilo nimekukasirikia, na ningekuwa na wewe hapa ningekuambia usoni, halafu tungekula.

Walikupiga viboko hamsa ishirini pale gatini, mchana, mbele ya wapagazi na wauza kahawa. Hukulia. Baada ya hapo hakuna meli iliyokuchukua. Ukawa unabeba makaa kwa kikapu kuwapelekea wenye meli, na hao waliokuwa wakikuita fundi wa bildi wakaanza kukukoromea kwa mzaha ulipopita. Nilivumilia wiki tatu kuyaona hayo. Kisha nikafuata msafara nikarudi kwetu mlimani, wala sikukuaga vizuri. Nilikuambia nakwenda kumtazama mama.

Basi nimekuwa mkulima. Nina migomba, nina kondoo sita, nina miche ya kahawa tuliyopewa na misheni ambayo mke wangu huihudumia kuliko anavyonihudumia mimi. Herufi hizi nilijifunza hapo hapo misheni, nikiwa nimebanana na watoto kwenye benchi. Asubuhi za ukungu, uwanda wote ulioko chini yetu hufunikwa mpaka juu ya miti, nami husimama shambani nikitazama. Mke wangu hupita na ndizi zake akasema, "Baba Eliya, meli imefika?" Namjibu bado. Ananicheka, na anayo haki.

Ila kuna jambo sikuweza kulivumilia. Hapa kwetu, ukishuka mlima kuelekea Moshono na kwenda mbele kidogo, kuna ziwa linaitwa Duluti, dogo, la duara, lenye msitu ukingoni. Watu wote husema halina chini. Nikawauliza, mmepima? Wakanitazama kama mwenda wazimu. Nilikwenda kwa mhunzi nikamwomba anifulie chuma kirefu chenye kishimo upande wa chini. Akaniuliza ni silaha ya vita gani. Shahamu sikuwa nayo, nikatumia mafuta ya mkia wa kondoo, na nikuambie, kaka, yananasa vizuri kuliko shahamu ya melini. Kamba nikaitia alama zako zile zile. Nikaunga magogo kuwa chelezo, nikapiga makasia hadi katikati. Lina chini. Pima tano, tope jeusi. Nililionja. Halina chumvi hata kidogo, nikakaa pale juu ya chelezo nikalia kama mjinga.

Hapo ndipo nilipopata jina. Mpima Maji. Likatembea hadi mjini, likamfikia Fundi Mbaruku. Akanitafuta aone ni Mmeru gani huyo anayejua bildi. Ndiye aliyeniambia kuwa umekufa, na kwamba hata siku ya kukuzika kulikuwa na mtu aliyesema, "Sasa kalala kweli." Siku ya maziko, kaka! Na kwamba wanawe Bi Tatu wakigombana na wenzao kisimani hukoromewa. Nilimwuliza Fundi mara tatu kama amesikia sawasawa. Kisha nikarudi nyumbani.

Sasa nakuja kwenye jambo la jana.

Kuna mzungu mmoja aliyefungua shamba chini ya mlima, si mbali na Duluti. Vibarua walikuwa wakisema habari zake, nami sikuzijali. Jumamosi asubuhi akaja mnyapara wake nyumbani kwangu. "Mzee, unaitwa. Bwana ana wageni, anataka kutia mashua ziwani, anataka kwanza ajue kina." Nilichukua bildi yangu na mafuta ya kondoo kwenye jani, nikashuka. Nilisikia kabla sijaona. Mlio wa filimbi, anawaita vibarua. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilipotokeza nikamwona amenenepa, ndevu zimepata mvi, na ile filimbi ya fedha iko pale pale kifuani.

Hakunitambua. Angenitambuaje? Alikuwa anatuona kwa juu, tuko chini, tumepakaa makaa. Chini ya mti walikuwa wameweka meza yenye kitambaa cheupe, na mezani wameketi wageni wanne, mabibi wawili na mabwana wawili. Akasema nami kwa Kiswahili chake kilekile cha Tanga, kwa sauti kubwa ili nao wafaidi: "Pima vizuri, mzee. Usilale kama yule wangu wa Tanga. Alilala akiwa na kamba mkononi, akanivunjia meli!" Wageni wakacheka. Bibi mmoja akauliza ikawaje, naye akaigiza, akakilaza kichwa begani, akakoroma.

Kaka Shomari, nilitaka kumtia bildi ya kichwa. Mungu wangu ananijua. Badala yake nilipanda chelezo, maana nilikuja kupima, na wewe ulinifundisha kuwa kazi inatangulia. Nilitupa mara ya kwanza karibu na ukingo, nikaita kwa sauti yako, ile ya kuvuta mwisho wa neno: "Pima mbili, majani!" Nikaenda mbele. "Pima nne, tope!" Nikafika katikati. "Pima tano, tope jeusi!" Naye kule ukingoni, kwa mazoea tu, bila hata kufikiri, akaishika filimbi akaipuliza. Mara moja. Mlio mrefu.

Nilivuta kamba. Mikono ikaenda kwenye shahamu kukwangua kama kawaida, nikaishika mikono yangu. Nikasema, safari hii hapana. Nilipiga makasia hadi ukingoni, nikatembea na bildi inayochuruzika mpaka mezani, nikailaza juu ya kile kitambaa cheupe, katikati ya vikombe, tope juu.

Nikasema, "Bwana, mlio mmoja maana yake nimesikia."

Akanitazama. "Unasema nini?"

"Siku ile ya mvua niliita nikiwa hatua kumi kutoka kwako. Pima mbili, matumbawe. Ukapuliza mara moja, mrefu, kama hivi sasa. Ulisikia."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa chini nakunja kamba. Nilidanganya. Bildi mliyoletewa safi, niliisafisha mimi, kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa na matumbawe kama hii ilivyo na tope. Shomari hakulala. Alikuambia usimame na mimi nikakuambia usimame."

Ulikuwa mchana mweupe na ndege walikuwa wanalia msituni, lakini pale mezani hakuna aliyegusa kikombe. Mmoja wa wale mabwana, mzee mwenye fimbo, akalitia tope kucha, akamwuliza mwenyeji wake kitu kwa lugha yao. Akamwuliza tena. Uso wa Bwana Filimbi ulikuwa umeiva mpaka masikioni, na mkono wake umeifunika ile filimbi. Kisha akamwita mnyapara akamwambia anitoe, na kwamba Jumatatu niende bomani nikajibu shauri la kumtukana mzungu mbele ya wageni. Nilichukua bildi yangu kwa kamba, nikiwa nimeinyanyua mbali na nguo, nikaondoka.

Jioni ile ile mnyapara akanifuata nyumbani. Amebadilika sauti, amekuwa mpole. "Mzee, Bwana hataki makuu. Kesho kutwa ukifika bomani, sema ulikuwa umekunywa mbege, hukujua unachosema. Utaachiwa, na shauri litaisha."

Mke wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mnyapara alipoondoka akanigeukia. "Baba Eliya, sema ulilewa. Watu wote hulewa."

"Sikulewa. Hata wewe unajua."

"Najua! Mchungaji naye anajua hunywi. Lakini yule Mswahili wako amekufa. Kiboko kitampiga nani, yeye au wewe? Na mimi nitapeleka wapi watoto ukifungwa?"

Nilimwambia kuwa mara moja nilifundishwa la kusema, nikalisema, na ona lilivyonifanya. Akasema yeye hayajui mambo ya bahari, yeye anajua kiboko. Akaingia ndani, hakunipa chakula. Sikumlaumu. Nina hofu, kaka. Mgongo wangu si ule wa kuvuta kamba. Lakini hasira nilizo nazo zinaizidi hofu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, maana siku ile ya Tanga hofu ndiyo ilikuwa kubwa.

Leo ni Jumapili. Nilikwenda ibadani, nikarudi, nikaketi kuandika. Nilipoingia ndani kutafuta wino nimemkuta mke wangu amepiga magoti sakafuni, ana jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba, anaifunga bildi. Anaifunga taratibu, ameuacha upande wa chini bila kuugusa, na juu ya tope ameweka jani jingine lililokunjwa ili lisisuguliwe njiani. Hakuniangalia. Alisema tu, "Mwambie huyo Fundi asiiweke chini ya mizigo."

Kwa hiyo, Bi Tatu dada yangu, shikamoo. Hiyo ndiyo aliyonayo Fundi mkononi. Risasi ya meli sikuwa nayo, hii ni ya chuma cha mhunzi wetu, na tope lake ni la ziwa la mlimani lisilo na chumvi. Itundike barazani, upande wa chini uonekane. Wanao wakikoromewa tena, wawaonyeshe. Na akija mtu mwenye mazoea ya usafi, umzuie mkono.

Nanyi mliokaa hapo barazani, mlimjua kabla hamjanijua mimi. Kila mmoja wenu amewahi kulala salama chumbani mwa meli kwa sababu yeye alikuwa macho kwenye mkanda wake. Mnalijua hilo. Mlilijua hata mlipokuwa mnacheka.

Kaka Shomari, wino unaisha na Fundi amekwisha kunigongea mara mbili. Ulale, sasa nakuruhusu. Kesho asubuhi nitakuwa bomani. Watauliza nilikuwa wapi siku ile, nami nitawaambia: nilikuwa katikati ya meli, nimesimama, sijalewa, na nilisikia pima mbili, matumbawe, na nikaipeleka juu.

Ni mimi, mdogo wako wa kamba.